Tengeneza Mwenyewe Kifaa cha Kutuliza Kamera

Ukimfuata bibi harusi anapoingia ukumbini huku kamera iko mkononi, kila hatua yako huonekana kwenye video. Dawa yake unaweza kuiunda kwa mabomba ya maji. Johnny Chung Lee, alipokuwa mwanafunzi Marekani, alionyesha namna ya kukitengeneza kifaa hiki kwa takriban dola 14. Hapa tunafuata mpango wake, kwa nyongeza chache.

Kinafanyaje kazi? Kamera peke yake ni nyepesi, hivyo mkono ukitetemeka kidogo nayo inainama. Ukiifunga juu ya nguzo yenye uzito chini, inakuwa vigumu kuyumbishwa.

Kwenye duka la vifaa vya ujenzi tafuta bomba la chuma la nusu inchi, vipande vitatu vya sentimita 25, ti moja (kiungio chenye umbo la T) na vizibo vitatu. Wakikulazimisha kununua bomba zima, nenda kwa fundi bomba: hana shida kukuuzia vipande vilivyobaki kazini, na ndiye mwenye mashine ya kuchonga ncha ili zifungike kwenye ti. Uzito wa kilo moja hadi moja na nusu utaupata kwa muuza vyuma chakavu.

Bolti ya kufungia kamera ndiyo ya kuangalia sana. Tundu lililo chini ya kamera, lile la kufungia stendi ya miguu mitatu, huwa la robo inchi. Bolti ya milimita 6 inafanana nayo mno lakini itaharibu tundu hilo, kwa hiyo ijaribu kwa vidole; ikigoma, usilazimishe. Toboa kizibo cha juu, ipitishe bolti kutokea ndani, ikaze kwa nati, na iache ichomoze milimita 5 tu juu ya nati. Ikizidi hapo inaweza kupasua kamera ndani. Wa simu atafute kishikio chenye tundu kama hilo.

Sasa unganisha: bomba moja juu ya ti, moja chini, la tatu pembeni liwe mkono. Uzito uufunge kwenye kizibo cha chini kwa bolti na washa pana. Mkono uvishe bomba la plastiki linalopwaya kidogo, kisha funga kizibo lisichomoke.

Kusawazisha kunataka subira, na usikuruke. Kamera ikiwa imeshafungwa juu, simama kwenye godoro, shika mkono ule wa plastiki, ilaze nguzo, uiachie. Inapaswa kujisimamisha taratibu, kama sekunde 2. Ikirudi kwa kasi na kubembea, punguza uzito. Ikibaki imelala, au kamera ikashuka, ongeza. Ikisimama huku kamera imeinamia mbele, legeza bolti ya chini, sogeza uzito nyuma kidogo, kaza tena. Simu ni nyepesi mno. Ifungie kipande cha chuma chini yake, nguzo itulie zaidi.

Unapopiga, vidole vya mkono wa pili viguse nguzo chini ya ti kwa wepesi, kuielekeza tu. Kunja magoti kidogo, kwa sababu kifaa hiki kinazuia kamera kuinama, ila kupanda na kushuka kwa hatua zako hakikuzuii. Usivute picha kwa zumu.

Pamoja na kamera kinaweza kukaribia kilo 3, hivyo mkono utachoka: piga vipande vifupi, na ukague bolti zote kabla hujaingia ukumbini kwenye watu.