Utambuzi wa Njeo katika Sentensi Changamano: Funzo kutoka Kibera na Kawangware

Utangulizi

Mwanafunzi nchini Kenya hufunzwa mapema kwamba -li- ni wakati uliopita, -na- ni wakati uliopo na -ta- ni wakati ujao. Kanuni hiyo humfaa katika sentensi sahili. Katika sentensi changamano, yenye kishazi huru na kishazi tegemezi, aghalabu humpotosha. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba njeo ya kishazi tegemezi haitambuliwi kwa kiambishi pekee, na kwamba lugha ya mitaani, ambayo hulaumiwa kwa kuharibu Kiswahili, yaweza kumsaidia mwalimu kuifunza.

Kibera ilianza kama makazi ya askari Wanubi mwanzoni mwa karne ya 20. Leo Kibera na Kawangware zinakaliwa na wasemaji wa Kiluhya, Kijaluo, Kikuyu, Kikamba na lugha nyinginezo. Watoto wengi wa mitaa hiyo hukizoea Kiswahili cha Nairobi na Sheng kabla ya kufunzwa Kiswahili sanifu darasani.

Mfuatano wa matukio

Tuchukue sentensi hii: "Mama alipofika kwenye kibanda cha maji, foleni ilikuwa imekwisha." Kitenzi "alipofika" kinaweka kituo cha wakati. "Ilikuwa" kinaiweka hali katika wakati uliopita, na -me- inaonyesha kwamba foleni ilimalizika kabla ya mama kufika. Tukisema "ilikuwa ikiisha", mama aliikuta ingalipo. Mwanafunzi anayejibu "wakati uliopita" katika sentensi zote mbili hajakosea kabisa, lakini amepoteza maana: je, mama alipanga foleni au hakupanga?

Kiambishi -ki- nacho hakina wakati wake chenyewe. Katika "Watoto walivuka reli wakiimba", kuimba ni kwa jana. Katika "Watoto watavuka reli wakiimba", ni kwa kesho. Kishazi huru ndicho kinachoamua.

Kirejeshi na -li-

Ugumu mkubwa zaidi umo katika vishazi rejeshi. "Kijana aliyevaa koti jeusi anangoja matatu." Wengi huandika kwamba "aliyevaa" ni wakati uliopita, ilhali kijana angali na koti mwilini. Sababu ni kwamba, katika Kiswahili sanifu, -me- haipokei o-rejeshi ndani ya kitenzi. -Li- hulazimika kubeba kazi zote mbili, ya wakati uliopita na ya hali timilifu.

Hapa ndipo lugha ya mtaani inapofaa. Mtoto wa Kawangware husema: "Kijana mwenye amevaa koti." Kwa mizani ya usanifu, "mwenye" haipaswi kutumika kama kirejeshi. Hata hivyo, mtoto huyo ameihifadhi -me-, yaani anajua vyema kwamba koti limo mwilini. Akisema "mwenye alivaa koti jana", amebadilisha njeo pia. Tofauti inayofichwa na "aliyevaa" iko wazi mdomoni mwake.

Mwalimu basi aweza kumwongoza kwa hatua tatu. Kwanza, atafute kishazi huru na njeo yake. Pili, aifumue o-rejeshi kwa "amba-", akijaribu "ambaye amevaa" na "ambaye alivaa". Tatu, achague ile inayolingana na kishazi huru na vielezi vya wakati. Kutoka "mwenye amevaa" hadi "ambaye amevaa" ni hatua fupi. Kinachobadilika ni kirejeshi tu, kitenzi kinabaki vilevile.

Hitimisho

Usanifu una nafasi yake, na mtihani utaendelea kuudai. Lakini mwanafunzi anayekatazwa "mwenye" bila kuelezwa huishia kuamini kwamba hajui lugha, ilhali njeo anaijua. Alichokosa ni umbo lake sanifu. Walimu wa Kiswahili wa kesho, ambao wengi wao ni wasomaji wa kurasa hizi, hawana budi kuanzia pale mwanafunzi alipo.