Sarafu Isiyo na Tarehe: Kina na Udongo kama Ushahidi katika Sarafu za Kilwa

1. Utangulizi
Aghalabu sarafu za Kiislamu za enzi za kati, hasa za dhahabu na za fedha, hutaja mji na mwaka zilipofuliwa. Sarafu za shaba za Kilwa, kisiwa kilichoko kusini mwa pwani ya Tanzania, hazitaji lolote kati ya hayo mawili. Makala haya yanajadili jinsi asili ya sarafu kama hizo inavyobainishwa, na kwa nini suala hilo linamhusu mwanafunzi wa fasihi.

2. Ushahidi wa Maandishi
Sarafu hizo zimeandikwa kwa Kiarabu. Upande mmoja una jina la mtawala na la babake. Upande wa pili una tamko la kumtegemea Mungu. Pande hizo mbili zina urari wa vina: mwisho wa tamko huoana kisauti na mwisho wa jina. Mtindo huo si wa kawaida katika sarafu za Kiislamu kwingineko, hivyo kina chenyewe kinakuwa alama ya pwani hii. Fauka ya hayo, neno likiwa limechakaa upande mmoja, kina cha upande wa pili humsaidia msomaji kulikisia.

Jina nalo huongoza kwenye wakati. Mathalani, Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Kwa hiyo sarafu zenye jina hilo huhusishwa na nusu ya kwanza ya karne ya 14.

3. Ushahidi wa Udongo
Tatizo huzuka pale jina linapokosa shahidi wa aina hiyo. Ali bin al-Hasan ni mfano mzuri. Masimulizi ya Kilwa yanamtaja Ali kuwa mwanzilishi wa ukoo wa Kishirazi, lakini yaliandikwa karne kadhaa baadaye. Baada ya kuchimba Kilwa, mwanaakiolojia Neville Chittick alimweka mwishoni mwa karne ya 12.

Mwaka 1984, hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha ilifukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba. Baadhi yazo zilikuwa na jina la Ali bin al-Hasan. Pamoja nazo zilikuwamo dinari za dhahabu za kigeni zenye tarehe, ya mwisho ikiwa ya miaka ya 1060. Kimsingi, hazina haiwezi kufukiwa kabla ya sarafu yake changa zaidi kufuliwa. Na kukosekana kwa dinari za baadaye kunaashiria kwamba haikukawia kufukiwa. Ali akarudishwa nyuma takriban karne nzima. Swali jipya nalo likazuka: je, sarafu zake za fedha zilifuliwa Kilwa au Pemba?

4. Tahadhari
Mahali sarafu ilipookotwa si lazima pawe mahali ilipofuliwa. Sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman imepatikana Zimbabwe Kuu, na mwaka 1944 sarafu tano za Kilwa ziliokotwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, pamoja na sarafu nne za Kiholanzi za karne za baadaye sana. Sarafu husafiri, na huweza kutumika au kuhifadhiwa muda mrefu baada ya mtawala wake kufariki. Kinachozihusisha sarafu za shaba na Kilwa ni wingi wake katika kisiwa hicho, pamoja na majina ya watawala wake.

5. Hitimisho
Ni bayana kwamba hakuna ushahidi mmoja unaotosha: jina huhitaji tabaka la udongo, nalo tabaka huhitaji msomaji wa maandishi. Kwa mwanafunzi wa fasihi, funzo ni la uangalifu. Vina hivyo ni vya Kiarabu, na haviwezi kuchukuliwa kuwa ushahidi wa ushairi wa Kiswahili katika karne ya 11. Hata hivyo, vinathibitisha kwamba wakati huo palikuwa na watu katika pwani hii waliojua kusoma, kuandika na kupanga maneno kwa sauti, wakaona sanaa hiyo yafaa kutiwa hata kwenye chombo cha biashara. Historia ya uandishi wa pwani haina budi kuanza kuhesabiwa pia kutoka kwenye viganja vya wachuuzi, si kwenye miswada pekee.