Viambishi vya Masharti: -ki-, -nge- na -ngali-

Tuchukue mfano wa wazazi wanaojadiliana kama binti yao, mpiga tarumbeta, aiache bendi ya shule au aendelee. Tuzichunguze sentensi hizi:

(a) Akiacha bendi, atapata muda wa kujisomea.
(b) Angeacha bendi, angepata muda wa kujisomea.
(c) Angaliacha bendi, angalipata muda wa kujisomea.

Katika (a), kiambishi -ki- chaonyesha sharti linaloweza kutimia. Uamuzi ungali wazi. Katika (b), -nge- chaonyesha jambo la kudhania: binti yumo bado katika bendi, na msemaji hatarajii kwamba atatoka. Katika (c), -ngali- chaeleza jambo ambalo halikutukia na ambalo wakati wake umekwisha kupita. Kwa hiyo mzazi atumiaye (c) ilhali shauri halijakatwa humlaumu mtoto badala ya kumshauri.

Katika ukanushi, -ki- huacha nafasi yake kwa -sipo-: *asipoacha*. Viambishi -nge- na -ngali- hutanguliwa na -si-: *asingeacha*, *asingaliacha*. Aidha, katika Kiswahili sanifu tusivichanganye viwili hivi katika sentensi moja, kama vile “Angeacha bendi, angalipata muda.”

Zoezi
1. Kanusha sentensi (a) hadi (c).
2. Ni sentensi ipi ifaayo kuambiwa mtoto ambaye hajaamua? Toa sababu.
3. Andika mazungumzo mafupi ambamo binti huyu anawajibu wazazi wake, ukitumia viambishi vyote vitatu.