Somo la Juma Hili: Nani Alimpiga Nani?

Kwa wanafunzi wa darasa la juu, na wazazi mnaosoma nao nyumbani

Juma lililopita tulijifunza kauli ya kutendwa: piga, pigwa, choma, chomwa, ua, uawa. Leo tunairudia kwa jicho jingine, kwa sababu tarehe 25 Novemba zinaanza Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, zinazoadhimishwa katika nchi nyingi hadi tarehe 10 Desemba. Sarufi na jambo hili vinahusiana kuliko mnavyodhani.

1. Sentensi tatu

Someni kwa sauti:

(a) Mume alimpiga mkewe.
(b) Mke alipigwa.
(c) Mume na mke walipigana.

Zote tatu ni Kiswahili sanifu, lakini hazisemi jambo moja. Katika (a) tunamwona mtendaji na mtendwa. Katika (b) mtendaji ametoweka: kipigo kimekuja kama mvua, hakina mwenyewe. Katika (c) tumetumia kauli ya kutendana, na ile -an- imewagawia kosa wote wawili sawasawa, hata kama mmoja alikuwa akijikinga uso tu.

Sikilizeni mazungumzo ya watu wazima: mara nyingi mtasikia (c), au “ugomvi wa mke na mume”, au “mambo yao ya ndani”. Tuna hata methali: siri ya mtungi aijuaye kata. Ni kweli, aliye ndani ndiye ajuaye. Lakini methali haijasema kata inyamaze. Nyingine inatuonya: mficha maradhi, kilio kitamuumbua.

2. Habari ya kusoma

Rebecca Cheptegei alikuwa mwanariadha wa Uganda. Mwezi Agosti 2024 alikimbia marathoni ya Olimpiki mjini Paris. Tarehe 1 Septemba, nyumbani kwake Endebess, magharibi mwa Kenya, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto. Alifariki tarehe 5 Septemba katika hospitali mjini Eldoret. Polisi walisema aliyefanya hivyo ni mwanamume aliyewahi kuwa mpenzi wake. Naye alifariki baadaye kwa majeraha ya moto huo.

Rudini kwenye aya hiyo. “Alimwagiwa”, “kuchomwa”: mtendaji yuko wapi? Ametajwa mwishoni tu. Sasa iandikeni upya mkianza na mtendaji, muone uzito unavyohama.

Msidhani ni jambo la Afrika peke yake. Mwezi Machi 2021, hapa London, Sarah Everard alikuwa akitembea kurudi nyumbani. Askari polisi aliyekuwa bado katika ajira alimteka na kumuua. Baada ya hapo wanawake wengi walisimulia jinsi wanavyotembea usiku na funguo mkononi. Nairobi nayo, tarehe 27 Januari 2024, maelfu waliandamana kupinga mauaji ya wanawake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa takriban mwanamke 1 kati ya 3 duniani amewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono katika maisha yake.

3. Sheria zinasemaje?

Wapo wasemao, “Kwetu ni desturi, hawa wa Ulaya ndio wanaotuletea mambo.” Tuangalie. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Sheria hiyo ina umri mkubwa kuliko wazazi wenu wengi. Kenya ilipitisha sheria ya kukinga watu dhidi ya ukatili wa nyumbani mwaka 2015, na humo ukatili si ngumi tu: kumnyima mtu fedha na kumfuatafuata ni ukatili pia. Katika England na Wales, sheria ya mwaka 2021 inamhesabu mtoto anayeona au kusikia ukatili nyumbani kuwa naye ameathirika, hata kama hakuguswa.

4. Msamiati

Mwathirika: mtu aliyepatwa na madhara.
Manusura: aliyeokoka, anayeendelea na maisha. Wengi waliopitia haya hupenda neno hili.
Dawati la Jinsia na Watoto: sehemu katika vituo vya polisi Tanzania inayopokea kesi hizi.
Mkalimani: anayetafsiri mazungumzo ana kwa ana.
Kuvumilia: kustahimili. Kuvumilia baridi ya Januari ni sifa. Kuvumilia kipigo si sifa, ni hatari.

5. Neno kwa wanaotafsiri

Wengi wenu huwasaidia mama na bibi kwa daktari. Ni kazi njema. Lakini mazungumzo yakifika kwenye “nani amekuumiza?”, huo si mzigo wa mtoto, na mama hatasema kweli mbele yako ili asikuumize. Sema tu: “Tunaomba mkalimani.” Hospitali na polisi wa hapa wanao utaratibu wa kumpata. Kadhalika, mume asimtafsirie mkewe swali hilo, wala shangazi upande wa mume.

6. Zoezi

(i) Badilisha ziwe na mtendaji: “Dada alitukanwa njiani.” “Simu yake ilivunjwa.” “Alizuiwa kwenda kazini.”
(ii) Eleza tofauti kati ya “waligombana” na “alimgombeza”.
(iii) Mjadala na mzazi: jirani akisikia kilio usiku, afanye nini? Andika sentensi tano.

Nambari za kukumbuka

Hapa Uingereza, hatari ikiwa mlangoni piga 999. Ukipiga kwa simu ya mkononi na huwezi kusema, bonyeza 55 unapoambiwa. Childline ya watoto ni 0800 1111. Simu ya msaada kwa wanawake wanaofanyiwa ukatili nyumbani ni 0808 2000 247. Kwa ndugu walioko nyumbani: Kenya ni 1195, Tanzania, simu ya watoto ni 116.

Leteni zoezi Jumamosi. Mwenye jambo asilotaka kuliandika, aje mapema kabla ya kipindi. Mlango wa darasa huwa wazi.