Gesi ya Kupikia na Ndoo ya Plastiki

Katika mitaa ya Buruburu, Nairobi, iliyoanza kujengwa miaka ya 1970, mtungi wa gesi wa kilo 6 au 13 huonekana jikoni karibu kila nyumba, na kando yake ndoo au kiti cha plastiki. Ni wachache wajuao ya kuwa vitu hivi ni ndugu.

Gesi ya mtungini ni mchanganyiko wa propani na butani. Kila chembe ya propani ina kaboni 3 na hidrojeni 8. Iwashwapo huvunjika yote, na faida yake ni joto la kupikia ugali. Lakini mtaalamu wa kemia hutaka kuondoa hidrojeni 2 tu, kaboni zikae kama zilivyo. Hapo propani hugeuka propilini. Na chembe za propilini zikiungwa maelfu kwa maelfu hupatikana polipropilini, plastiki ya kutengenezea viti, kamba, ndoo nyingi na magunia ya kusukwa.

Kazi hiyo si rahisi, kwa maana propani haipendi kubadilika, na ikipashwa moto kupita kiasi huvunjika ovyo. Kwa hiyo hutumiwa kichocheo, yaani kitu kiharakishacho badiliko bila chenyewe kuliwa. Gesi hupitishwa penye joto la digrii 550 hadi 650 hivi, juu ya punje za alumina zilizotiwa platinamu kidogo pamoja na bati, au oksidi ya kromu. Adui mkubwa ni masizi, ambayo huzifunika punje hata zisifanye kazi tena. Dawa yake ni kuyaunguza kwa hewa, na penye kichocheo cha kromu jambo hilo hurudiwa kila baada ya dakika chache. Mpishi asuguaye sufuria mara tatu kwa siku ana nafuu!

Kenya huletewa gesi ya mitungi kwa meli. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, Mombasa, kilisimama mwaka 2013. Tanzania ina gesi yake, iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na kufika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004, ambako sehemu kubwa huchomwa kwa kuzalisha umeme. Gesi hiyo karibu yote ni methani, yenye kaboni 1 tu, kwa hiyo njia ya propani haiifai. Yake ni nyingine: methani na mvuke wa maji, vikipita juu ya nikeli, hutoa hidrojeni, nayo hidrojeni ikikutana na naitrojeni ya hewani juu ya chuma, hupatikana amonia, na katika amonia hutoka mbolea ya urea.

Jambo hili lamhusu sana mkulima wa mahindi wa Trans Nzoia, kwa kuwa urea aitiayo shambani huvuka bahari, na bei yake hufuata bei ya gesi ya ugenini. Mwaka 2022 gesi ilipopanda bei Ulaya, mbolea nayo ilipanda, hata Serikali ya Kenya ikatoa ruzuku ili mfuko wa kilo 50 uuzwe kwa shilingi 3,500.