Umeanza Poka? Nenda Mashindanoni Ukajifunze

Poka inayochezwa zaidi siku hizi ni Texas Hold'em. Unapewa karata mbili za siri, kisha mezani zinafunuliwa tano za wote: tatu kwa mpigo, halafu moja, halafu ya mwisho. Kila hatua watu wanaweka dau. Waliokulia kwenye albastini watashangaa kidogo, maana hapa hakuna turufu wala mwenzi, na unaweza kushinda bila kuonyesha karata hata moja. Kanuni utazishika kwa jioni moja. Kucheza vizuri ni shughuli nyingine, na mashindano madogo ndiyo njia nafuu ya kuianza.

1. Kiingilio kihesabu kimeshaliwa

Kwenye meza ya fedha taslimu, mkono unaweza kurudi mfukoni mpaka mfuko utoboke. Mashindanoni unalipa mara moja, unapewa kete sawa na wenzako, zikiisha unanyanyuka. Soma masharti kwanza, kwa sababu mengine yanaruhusu kununua kete upya, na hapo ndipo watu wanapojikuta wamelipa viingilio vinne. Kiingilio kisiguse ada ya mtoto wala kodi ya nyumba. Na kama dini yako au sheria ya ulipo inakataza kamari, gawaneni kete bila senti; mengi ya yanayofuata hapa utajifunza vilevile.

Utasimuliwa habari za Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee ambaye mwaka 2003 alilipa dola 86 kwenye mchujo wa intaneti, akapata kiti chenye thamani ya dola 10,000 kwenye shindano kuu la World Series of Poker kule Las Vegas, akawashinda wengine 838 na kuondoka na dola milioni 2.5. Ni kisa cha kweli, na kitamu. Usikifanye bajeti.

2. Tupa karata, tena tupa nyingi

Anayeanza huona uchungu kutupa, yaani kuziacha karata zake na kukaa nje ya mgao. Amekuja kucheza, atakaaje kutazama? Basi tazama hesabu: ukiwa na karata mbili zisizofanana, zile tatu za kwanza mezani zitakupa jozi au zaidi takriban mara moja katika kila tatu. Ree mbili zinakuja kwa wastani mara moja katika migao 221. Anayelipa kila mara ili "aone tu" anagawa kete zake polepole.

Muda huo wa kukaa nje usiutumie kwenye simu. Nani hupandisha dau kila mara? Nani hutupa akitishwa kidogo? Hayo utayaona bila kulipa kitu.

3. Anayesema mwisho anajua mengi

Kile kitufe cha mgawaji kinachozunguka meza si pambo. Aliyenacho ndiye anayeamua wa mwisho baada ya karata za mezani kufunuliwa, akiwa ameshaona wenzake wote walichofanya. Mfalme na kumi ukiwa na kitufe ni karata za kuchezeka. Karata hizohizo ukiwa wa kwanza kusema, mbele ya watu wanane ambao hawajafungua mdomo, ni mtego.

4. Hesabu kete zako kwa madau, si kwa idadi

Hapa ndipo mashindano yanapotengana na poka nyingine, na ndipo wengi wanapotolewa bila kujua kilichowatoa. Kila mgao, wachezaji wawili huweka dau la lazima, dogo na kubwa, na madau hayo hupandishwa kila baada ya muda. Chukua kete 3,000. Dau kubwa likiwa 20, una madau 150, unaweza kucheza kwa utulivu. Likifika 200, kete zilezile 3,000 ni madau 15 tu. Hujapoteza hata moja, lakini umeshakuwa maskini.

Dan Harrington, bingwa wa shindano kuu la World Series of Poker mwaka 1995, aliandika vitabu vilivyowafundisha wengi hesabu ya namna hii. Kwa anayeanza, ishike hivi: ukibaki na madau kama kumi au pungufu, acha kupapasa. Ama weka zote kabla ya karata za mezani, ama tupa. Na uwe wewe unayeweka, si unayemfuata aliyeweka. Ukiweka wewe una njia mbili za kushinda: wengine watupe, au karata zako ziwe bora. Ukimfuata mwingine imebaki moja.

Ila usikate tamaa mapema. Mwaka 1982, kwenye shindano hilohilo, Jack Straus alidhani ameishiwa, akakuta kete moja imebaki mezani, na mwisho akawa bingwa.

5. Karibu na zawadi, kete zina bei mbili

Tuseme meza ya watu tisa, kila mmoja ametoa dola 10, zawadi ni dola 45, 27 na 18. Mshindi atakusanya kete zote za meza, lakini fedha atapata nusu tu. Maana yake kete unazopoteza zina thamani zaidi kuliko zile unazopata. Mkibaki wanne, na mmoja ana kete za kuhesabika kwa vidole, si wakati wa kupambana na tajiri wa meza kwa karata za wastani. Mwache yule fukara atoke kwanza.

Lakini kuna wanaojificha tangu mwanzo wakisubiri tu kuingia kwenye zawadi. Watapata dola 18 zao mara kwa mara, na hawatajifunza kumaliza mchezo.

6. Mkwara una watu wake

Mkwara ni kuweka dau bila karata za maana ili wengine watupe, na kumpigia asiyejua kutupa karata ni kazi bure. Mashindano ya bei ndogo yamejaa watu hao. Ukiwa na karata nzuri, weka dau kubwa, watakulipa.

7. Andika migao, si matokeo tu

Daftari dogo linatosha. Andika ulikaa wapi, ulikuwa na madau mangapi, ulifanya nini na kwa nini. Ree mbili zikikutana na wafalme wawili, kete zote zikiwa ndani kabla ya karata za mezani, ree hushinda takriban mara nne katika tano. Ukiangukia ile ya tano, hakuna cha kurekebisha. Lakini mgao ulioshinda kwa kufuata dau la kijinga, huo uuwekee alama nyekundu. Mwonyeshe anayekuzidi, uvumilie atakachosema.

8. Ukitolewa, tazama waliobaki

Mwaka 1999 kipindi cha Late Night Poker cha Uingereza kilianza kuonyesha karata za siri kwa kamera zilizo chini ya kioo cha meza, na tangu hapo mtazamaji anaweza kuona mchezaji anachofanya na karata alizonazo. Rekodi za meza za mwisho ziko tele mtandaoni. Simamisha picha kabla mchezaji hajaamua, funika karata za wapinzani wake kwa kiganja, sema kwa sauti ungefanya nini na kwa nini, ndipo uiachie iendelee.