Kidonda kimepona, mbona mkono hauinuki?

MAMA mmoja aliyeondolewa titi kwa sababu ya saratani alinijia miezi miwili baada ya upasuaji. Kidonda kilikuwa kimekauka vizuri. Taabu ilikuwa mkono. Siku ya kuanza tiba ya miale ilikaribia, naye alitakiwa alale chini ya mashine mkono ukiwa juu ya kichwa. Mkono ulikwama kwenye usawa wa bega. Alikuwa amenyamaza akidhani kila aliyepasuliwa huwa hivyo.

Msomaji, sivyo. Hali hii hutibika, hasa ikigunduliwa mapema.

Chanzo chake

Mwili huziba mahali palipokatwa kwa nyuzi ngumu, na hilo ndilo kovu. Nyuzi hizo huweza kuingia ndani na kugandisha ngozi kwenye utando unaofunika misuli ya kifua. Tabaka zilizozoea kuteleza hushikana. Tiba ya miale huweza kuzidisha ugumu huo. Aliyetolewa tezi za kwapani huweza pia kupata kamba nyembamba chini ya ngozi, kutoka kwapani kuelekea kiwiko, mara nyingi katika majuma manane ya kwanza.

Jikague hivi

Subiri kidonda kifunge kabisa, kisha jikague mara moja kwa juma.

1. Tazama. Simama mbele ya kioo, uinue mikono yote miwili polepole. Je, ngozi inabonyea au kuvutwa ndani kando ya kovu?

2. Gusa. Weka vidole viwili juu ya kovu, usukume ngozi taratibu juu, chini na kando. Palipo huru husogea; palipogandamana hukataa. Usibonyeze kwa nguvu, maana huenda sehemu hiyo ina ganzi.

3. Inua. Elekea ukuta, upandishe vidole hadi vikomee. Tia alama, kisha ulinganishe na mkono wa pili. Tanua mkono kando utazame kama kuna kamba kwapani.

4. Pima. Kwa tepu ya fundi cherehani, zungusha mikono yote miwili mahali pamoja, juu na chini ya kiwiko. Tofauti ya sentimita 2 au zaidi ambayo haikuwapo awali yaweza kuwa uvimbe wa maji ya limfu. Mwone daktari.

Andika matokeo kwenye daftari, uende nalo kliniki.

La kufanya

Omba upelekwe kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Atakufundisha kunyoosha bega na kukanda kovu kwa mafuta yasiyo na manukato. Usikande ngozi inayopigwa miale au iliyochubuka. Usimruhusu mtu azivute kamba za kwapani kwa nguvu. Kwa kawaida hulegea kwa mazoezi ya upole katika majuma au miezi kadhaa.

Tahadhari

Si kila kigumu ni kovu. Ukipata kivimbe kipya, kidonda kisichopona, vipele au wekundu unaoenea, usikande. Nenda hospitalini upesi, maana saratani huweza kurudi papo hapo penye kovu. Mkono ukivimba ghafla, ukiwa na joto au ukiandamana na homa, nenda siku hiyo hiyo.

Yule mama alifanya mazoezi kwa majuma matatu, mkono ukafika juu, akaanza tiba yake. Nawe daktari akiuliza habari za kidonda, mweleze na za mkono.